Nusu Yake ya Njia

Mzee Rula aliiamini miguu yake kuliko macho yake, na ukitaka kumkosesha raha, ungeanza kwa kuitilia shaka miguu hiyo. Alifanya kazi ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa mpimaji, yule bwana mkubwa mwenye darubini na kofia pana. Yeye alikuwa mvuta mnyororo, anayetangulia vichakani na ncha ya mnyororo wa kupimia, anakatwa na nyasi, anaumwa na siafu, halafu jioni ramani inatoka na jina la bwana mkubwa.

Penye matope au miiba, ambapo mnyororo haukupita, watu wa kazi ile walipima kwa hatua. Na ili hatua zisiwe za kubahatisha, kila Januari walipangwa mstari uwanjani nyuma ya ofisi, wakatembea mita mia moja zilizopigwa chokaa, na karani akaandika kila mmoja katumia hatua ngapi. Rula alitumia mia na thelathini. Mwaka wa kwanza mia na thelathini, mwaka wa kumi mia na thelathini, mwaka wa kustaafu mia na thelathini. Wenzake walipanda na kushuka, mara mguu unauma, mara kiatu kipya. Yeye hakubadilika, na wapimaji wakaanza kugombania kwenda naye porini. Jina la Rula lilitoka hapo, na tangu siku hiyo kichwa kilivimba na hakikuwahi kunywea.

Mdogo wake alifanya kazi hiyohiyo, ofisi hiyohiyo. Huyo walimwita Twiga, kwa sababu alikuwa na miguu mirefu ya kupitiliza na shingo ya kuchungulia madirisha ya watu. Twiga alitumia hatua mia moja na kumi na nane. Mstari ukiwa mrefu, ndugu hawa walitumwa kuupima kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, Rula huku, Twiga kule, kila mmoja na nusu yake. Sheria ilikuwa moja: ukifika nusu yako, unapiga kigingi, unakaa chini, unamngoja mwenzio. Usivuke. Ukivuka umeharibu hesabu ya mwenzio, na kazi ya siku nzima inaanza upya. Mara mia walifanya hivyo, na mara mia walikutana wakicheka, vigingi vikiwa karibu kiasi kwamba waliweza kupeana sigara bila kunyanyuka.

Sasa hawakuwa na salamu. Mwaka wa kumi na moja ulikuwa unakatika.

Chanzo kilikuwa maziko ya mama yao. Mama aliugua nyumbani kwa Twiga, katika mji wa pili, ng'ambo ya vilima, na siku alipofariki Rula alikuwa safarini mbali, kwa binti yake. Alipata habari, akapanda basi, akabadilisha basi, akafika saa nane mchana kesho yake na kukuta udongo mbichi umeshapangwa na majembe yameshaoshwa.

"Tulikungoja mpaka saa nne," Twiga alimwambia.

"Na mlishindwa kungoja mpaka saa nane? Mama alikuwa anawahi wapi?"

Maneno yale yalisemwa mbele za watu, na yalipotoka hayakurudi. Rula aliondoka bila kunywa maji. Tangu hapo akasema Twiga aje kuomba radhi. Twiga naye, huko kwake, akasema kaka aje kuomba radhi kwa kumvunjia heshima mbele ya wageni. Kati ya mji na mji ni kilomita arobaini na moja kwa barabara, maana barabara inazunguka vilima vyote, lakini kwa mapori ni ishirini na mbili tu. Wote wawili walijua hilo kuliko mtu yeyote, na wote wawili wakakaa na kununa.

Mke wa Rula alishazungumza hadi akachoka. Alikuwa mwanamke mpole mwenye ulimi unaokata pale tu anapotaka ukate. "Mtazikana bila kusalimiana," alimwambia mara moja akiwa anafua, wala hakumtazama. Rula alitia pamba masikioni, lakini usiku ule hakulala vizuri. Alikuwa na miaka sabini na nne. Twiga alikuwa na sabini na moja, na habari za kifua chake zilikuwa zimeshavuka vilima bila kusubiri basi.

Basi akaja binti mmoja, mfanyakazi wa halmashauri.

Alikuja asubuhi na mkoba wa plastiki wenye mafaili, akaamkia, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaeleza kwamba halmashauri za miji miwili zimekubaliana kutengeneza njia ya kutembea kwa miguu. Watu wa mijini siku hizi wanataka kutembea mashambani, waone miti, wavute hewa.

"Watu wenye magari?" Rula aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Wanayaacha hapa, mji wa kwanza, wanatembea mpaka mji wa pili."

"Wamefanya kosa gani?"

Binti alicheka. Alisema ofisini hakuna anayejua vijia vya zamani, kila aliyeulizwa alimtaja Mzee Rula, na kwamba kwenye faili kuna mchoro mmoja tu wa zamani, umechakaa. Aliutoa. Rula aliutambua kabla haujakunjuliwa wote. Ulikuwa mstari alioupima yeye na Twiga, vijana, kilomita ishirini na mbili kamili kwa mnyororo. Unatoka mji wa kwanza nyuma ya kiwanda cha mbao, unafuata kijito, unapita machimbo ya kokoto, unaingia msitu wa misonobari wa serikali, unatoka upande wa pili kwenye matanuri ya matofali, unashuka hadi mji wa pili kwa nyuma ya shule. Katikati yote ilikuwa msitu, na msitu ule haukuwa na alama hata moja. Miti ya kupandwa, imepangwa safu kwa safu, huwezi kujua umefika wapi ila kwa kuhesabu.

Alikaa na mchoro ule siku nne juu ya meza ya kulia chakula. Mke wake akala jikoni. Alichora upya kwa penseli kali, akahamisha njia pale kijito kilipohama, akaweka kivuko penye mawe bapa, akaikwepesha njia na ukingo wa machimbo ulioporomoka. Ilikuwa kazi safi, sitamnyima haki yake. Na siku ya nne, akiwa ameegemeza kidevu mkononi, likamjia wazo. Njia hii ipimwe kama zamani. Yeye atoke huku, Twiga atoke kule, kila mmoja kilomita kumi na moja, wakutane katikati, wapige kigingi. Hakuna atakayekuwa amemfuata mwenzie. Hakuna atakayekuwa amemwendea mwenzie kwake. Watakuwa kazini tu, na mkiwa kazini mnasalimiana, mkisalimiana mnakaa, mkikaa mnaongea.

Alimwita mke wake aje aone. Alikuwa na furaha ambayo mke wake alikuwa hajaiona usoni pake kwa miaka.

"Si umpigie simu tu?" mke aliuliza.

"Simu nianze mimi?"

Mke akaona afadhali hivyo kuliko bila.

Binti wa halmashauri alipeleka ujumbe, akarudi baada ya siku tatu. "Mzee mwenzio amekubali," alisema. "Alhamisi, saa sita mchana. Ila amesema nikwambie usivuke nusu."

"Mwambie yeye ndiye asivuke!" Rula alifoka, kisha akageuka dirishani asionekane anavyotabasamu.

Alhamisi alitoka alfajiri na kigingi cha mti mgumu, kopo la rangi nyekundu, na kokoto mia moja arobaini na tatu katika mfuko wa kulia. Kila hatua mia, kokoto moja ilihamia mfuko wa kushoto. Kilomita kumi na moja ni hatua elfu kumi na nne na mia tatu, kokoto zikiisha umefika. Mke alimfungia mkate na mayai ya kuchemsha ya watu wawili, na chai kwenye chupa. Alimnyoosha kola ya shati. "Mkikutana, anza wewe," alimwambia. "Wewe ndiye mkubwa."

Alikuwa amepanga la kusema. Alilirudia njiani kati ya kokoto na kokoto: Mdogo wangu, nilikuwa na uchungu. Basi, hayo tu. Nyonga ilimuuma kuanzia machimbo, na mvua ya manyunyu ikaanza alipoingia msituni, lakini hesabu haikumpotea hata mara moja. Kokoto ya mwisho ilihamia mfuko wa kushoto saa sita kasoro dakika kumi. Alisimama. Mbele yake miti, nyuma yake miti. Alipigilia kigingi, akakipaka rangi, akaandika NUSU na tarehe kama kazi ilivyotaka, akakaa juu ya gogo akamngoja mdogo wake.

Saa sita ikapita. Saa saba. Manyunyu yakageuka mvua, akafunika mkate kwa koti na yeye mwenyewe akalowa. Alijiambia Twiga siku hizi ana kifua, atakuwa anapumzikapumzika. Saa nane alisimama akatembea mbele hatua ishirini, akarudi upesi kama aliyeshikwa akiiba. Je, kama ni mtego? Kama Twiga amekaa kule nje ya msitu, anangoja kaka avuke, ili akacheke na watu wake kwamba Rula ndiye aliyemfuata? Saa tisa aliita, "Twiga!" Sauti ilifika mti wa tano ikafa. Aliona aibu, hakuita tena. Saa kumi alimwaga chai, akaacha mayai juu ya gogo, akageuka.

Alifika nyumbani gizani. Mke alikuwa mlangoni.

"Hakuja," alisema.

"Labda mvua..."

"Mvua ilininyeshea mimi peke yangu?"

Aliingia ndani na viatu vyenye matope, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Mchoro uliokamilika alimkabidhi binti wa halmashauri wiki iliyofuata, akamwambia katikati ameshaiwekea kigingi, na kwamba lile la watu wawili halikuwezekana. Binti aliona uso wake, akakunja mchoro, akaaga. Halmashauri ikawa na mambo mengine, mchoro ukalala.

Baada ya wiki tano simu ya mke wake ililia asubuhi. Alikuwa shemeji, mke wa Twiga. Mke wa Rula alisikiliza, akasema pole mara nyingi, akakaa kitandani na simu mkononi. Twiga alikuwa amefariki. Kifua kilimbana tangu mwezi uliopita, wakampeleka hospitali, akarudi, akazidiwa.

Rula alikuwa ananyoa ndevu. Aliweka wembe chini. Mke akadhani sasa atalia, akasogea karibu ili asilie peke yake.

"Nenda wewe," Rula alisema.

"Baba watoto."

"Alishindwa kuvuka nusu ya msitu akiwa hai aje anisalimie. Mimi nizunguke vilima vyote nikamsalimie maiti?"

Mke alilia, akabembeleza, akatishia. Alifanya yote ambayo mke anaweza kumfanyia mume mkaidi, kisha akafunga kibegi akaenda na basi peke yake. Rula alikaa siku mbili na nyumba. Hakuwasha redio. Majirani walikuja kumpa pole na yeye akaipokea akiwa amesimama, bila kuwakaribisha viti.

Mke aliporudi alikuwa amebadilika. Alivua viatu polepole, akakaa mkabala naye.

"Shemeji yako hakunipa mkono," alisema. "Anasema mdogo wako alikungoja msituni mpaka saa kumi. Anasema wewe ndiye hukwenda."

"Muongo."

"Anasema alirudi amelowa chapachapa, na homa ikaanza usiku uleule. Watu wote kule wanajua hivyo. Nimekaa kwenye maziko ya shemeji yangu watu wananitazama kama mke wa muuaji."

"Alilowa barazani kwake! Mimi nilikuwa pale. Nilihesabu. Unanijua, mimi sikosei hesabu."

"Nakujua," mke alisema.

Hapo ndipo palipomuuma Rula kuliko penginepo. Kwamba mdogo wake alikufa na uongo mdomoni. Kwa kutokuja angeweza kumsamehe, pengine, baada ya muda. Lakini asije, halafu aseme alikuja, halafu afe, ili kaka abaki na jina baya mji mzima na asiwe na mtu wa kumbishia! Alizungumza na marehemu akiwa bafuni, akiwa bustanini. Alimwita majina. Mke alisikia na kuhamia chumba cha watoto, watoto ambao walishaondoka zamani, akalala huko. Wakawa wanapitana ukumbini kwa adabu ya wapangaji. Chakula kilifunikwa mezani, kililiwa na mmoja mmoja.

Miezi minne ikaenda hivyo. Halafu binti wa halmashauri akarudi, safari hii na viatu vyenye udongo na furaha tele. Njia imeanza kusafishwa, alisema. Vibao vya umbali vinachongwa. Ametembea njia nzima mwenyewe na gurudumu la kupimia, lile lenye mpini ambalo unalisukuma nalo linahesabu mita. Mchoro wa Mzee umenyooka ajabu. Kuna jambo moja dogo tu.

"Nimekuta vigingi viwili vya nusu, Mzee. Sijui niweke kipi kwenye ramani."

Mke wa Rula, aliyekuwa analeta maji, alisimama na trei.

"Viwili vipi?" Rula aliuliza.

"Kimoja chekundu, chako. Kingine cha bluu, mbele yake, msituni humohumo. Nimepiga picha." Alimpa simu. Kigingi kilikuwa kimechongwa kwa namna ya ofisi ya ardhi, ncha pande nne, na juu yake kwa herufi ndefu zilizolala kushoto, herufi ambazo Rula alizifahamu kabla hajazisoma, iliandikwa NUSU. Chini yake tarehe. Alhamisi ileile.

"Kati ya kimoja na kingine ni kilomita tatu na mita mia tatu," binti alisema. "Na nusu ya kweli iko katikati yao, karibu sawasawa. Nilishangaa, maana nyote wawili ni kama mliishia njiani."

"Gurudumu lako bovu," Rula alisema.

"Ni jipya, Mzee."

"Basi hujui kulisukuma. Mimi ni hatua mia na thelathini kwa mita mia. Waulize ofisini. Imeandikwa."

"Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?" binti aliuliza kwa upole.

 Rula alikuwa amestaafu miaka kumi na minne iliyopita.

Aliyeamua ni mke. Aliweka trei chini. "Una utepe wa kupimia kwenye gari?" alimuuliza binti. Binti alikuwa nao, wa mita hamsini. Wakatoka wote watatu barabarani, mbele ya nyumba, ambapo njia imenyooka kutoka geti lao hadi kibanda cha fundi cherehani. Binti alinyoosha utepe mara mbili, mke akashika mwisho, akasimama mbele ya mlango wa fundi na ncha mkononi. Mita mia moja.

Rula alivuta pumzi. Alirekebisha mkanda wa suruali. Kisha akatembea, kama kila Januari, mikono ikining'inia, macho mbele, akihesabu kwa midomo bila sauti. Hakujikaza wala hakujivuta. Majirani wawili walisimama kutazama. Hamsini. Themanini. Alipita mti wa jirani, akapita lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mia. Mia na kumi. Aliona kwamba mke wake yuko mbali na akaendelea kuhesabu vilevile, kwa haki, bila kuongeza urefu wa hatua hata moja, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya katika kazi ile.

Mia na ishirini na nane. Mia na ishirini na tisa. Mia na thelathini.

Alisimama. Mwisho wa utepe ulikuwa bado mbele yake, mbele sana, nyumba nzima na uzio wake. Mke alikuwa pale na ncha mkononi, amenyoosha mkono kidogo, anamngoja.

Rula alitazama nafasi ile ya barabara tupu. Alijaribu kuizidisha mara mia na kumi, kwa kila mita mia ya nusu yake, kama karani, na akili yake ikakataa, ikamletea miti badala yake, safu kwa safu, na mtu mrefu amekaa peke yake upande wa pili, analowa, anatazama saa, hataki kuvuka kwa sababu kaka yake amesema asivuke.

"Alikuja," alisema.

Mke hakusikia, alikuwa mbali. "Unasemaje?"

Ikabidi apaze sauti, katikati ya barabara, fundi cherehani akasimamisha mashine na majirani wote wakasikia.

"Alikuja! Mdogo wangu alikuja!"